Wikiendi zangu za Novemba: York, Durham, Lincoln mpaka Bath

Mwaka wangu wa kwanza Uingereza Novemba ilinimaliza kabisa. Nilikuwa natoka zamu saa tisa na nusu, nikifika nyumbani giza limeshaingia, nasonga ugali, nakula, nalala, na wikiendi nzima nipo chumbani na blanketi na simu. Mwaka huu nikasema hapana. Nikaomba zamu zangu zipangwe ili Jumamosi na Jumapili zibaki wazi, nikakata ile kadi ya treni inayopunguza theluthi ya nauli, nikanunua viatu visivyopitisha maji, alafu nikachagua miji ya zamani, yenye kuta na makanisa makuu na mawe ya Warumi, maana miji hiyo unaizunguka kwa miguu na haina haja ya jua. Mimi ni nesi, nakaa Leicester, kwetu ni Mwanza. Haya nilikuwa naandika kwenye simu kila jioni kabla ya kulala.

Jumamosi tarehe 9 Novemba, York

Nimeondoka Leicester saa moja asubuhi, nikabadilisha treni Sheffield, saa tatu na nusu hivi nipo York. Wiki nzima hatujaliona jua, wingu la kijivu limekaa juu kama mfuniko wa sufuria, ila mvua hakuna wala upepo hakuna, baridi tu imetulia. Nimetoka stesheni nikavuka mto Ouse, maji ya kahawia yamejaa mpaka karibu na kingo, nikanyoosha moja kwa moja mpaka Bootham Bar kupanda ukuta.

Hapa kwanza niwaeleze maneno maana mimi mwenyewe nilichanganyikiwa. York lango wanaliita bar, na mtaa wanauita gate. Hiyo gate ni kazi ya Waviking, wavamizi kutoka Skandinavia, waliuteka mji huu mwaka 866 wakaupa jina Jorvik, na kwa lugha yao gata ni njia, basi mpaka leo mitaa ni Stonegate, Petergate, Goodramgate, na hakuna geti lolote utakaloliona pale. Kabla yao walikuwepo Warumi, walijenga ngome yao mwaka 71 wakapaita Eboracum. Kwa hiyo mji ni tabaka juu ya tabaka, na ukuta unaoukanyaga ni wa enzi za kati lakini sehemu nyingine chini yake kuna ukuta wa Kirumi.

Kuta zote ukizunguka ni kama kilomita 3.4, ndo ndefu kuliko kuta zote za mji za enzi za kati zilizobaki England. Kupanda ni bure. Kipande kizuri ni kile cha kutoka Bootham Bar kwenda Monk Bar, na kiukweli nashukuru nimekuja muda huu, kwa sababu miti ya bustani zilizo ndani ya ukuta imepukutisha majani yote na unaliona kanisa kuu zima kupitia kwenye matawi makavu. Mama mmoja mtu mzima tuliyepishana pale juu na mbwa wake akaniambia wakati wa kiangazi unaona minara tu, kwingine kote ni majani. Majani yenyewe sasa yako chini, yamelowa, yanateleza kweli kweli, shika ukuta pale penye ngazi.

Ndani ya hilo kanisa kuu, wenyewe wanaliita Minster, nimekaa masaa mawili na nusu. Jengo lilianza miaka ya 1220 likawekwa wakfu limekamilika 1472, yaani fundi aliyeweka jiwe la kwanza, wajukuu wa wajukuu zake hawakuliona likiisha. Nilichokuja kukiona ni dirisha kubwa la mashariki. Alilitengeneza John Thornton wa Coventry kuanzia 1405 mpaka 1408, miaka mitatu tu, na ukubwa wake ni karibu na uwanja mzima wa tenisi, vioo vya rangi vimepangwa kisa kimoja baada ya kingine, juu kuumbwa kwa ulimwengu, chini mwisho wa dunia. Alilipwa pauni 56, na humo kuna pauni kumi za ziada kwa sababu alimaliza kwa wakati. Nilidhani bila jua dirisha litakuwa limepoa, kumbe mwanga wa wingu unaingia sawasawa kila kipande, hakuna sehemu inayokuchoma macho na nyingine ikabaki giza, unasoma picha moja moja taratibu. Nimekaa kwenye kiti pale mpaka miguu ikafa ganzi. Lilifanyiwa ukarabati zaidi ya miaka kumi, vipande vikashushwa kimoja kimoja vikasafishwa, wakamaliza 2018.

Chini ya kanisa usipite bila kushuka. Miaka ya sitini mwishoni mnara wa kati ulikuwa hatarini kuanguka, walipochimba kuimarisha msingi wakakutana na ngome ya Warumi, kuta kabisa, na mpaka leo unatembea katikati yake. York ndipo Konstantino alipotangazwa na jeshi kuwa mfalme wa Roma mwaka 306, sanamu yake ipo nje amekaa kwenye kiti ameegemea. Mtu aliyekuja kuubadilisha Ukristo dunia nzima, safari yake ya ufalme imeanzia kwenye mji huu wa baridi kaskazini, nimesimama pale nikawa namwangalia tu.

Mchana nimekula supu ya viazi na mkate, alafu nikaingia Shambles, mtaa wa wachinjaji wa zamani. Nyumba za mbao zimeinamiana huku na huku mpaka juu zinataka kugusana, na kwenye madirisha bado kuna zile kulabu za kutundikia nyama. Jumamosi watu ni wengi hata Novemba, ila ukikata kwenye vichochoro vya pembeni unabaki peke yako. Aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja hatapotea York, au tuseme atapotea kwa raha ile ile.

Saa kumi kasoro nikafika Clifford's Tower, mwanga unaisha. Hapa sikupiga picha. Machi 1190 Wayahudi wa mji huu, kama watu 150, walikimbilia kwenye mnara uliokuwa juu ya kilima hiki wakizingirwa na watu waliotaka kuwaua, na wengi wakaona bora wajiue wenyewe na familia zao. Mnara ule wa mbao ukaungua, huu wa mawe umejengwa baadaye. Kuna bamba la kumbukumbu pale chini. Nimesimama mpaka giza likawa giza.

Usiku fataki zinalia kila upande, maana tarehe 5 ilikuwa siku ya Guy Fawkes, yule aliyekamatwa na mapipa ya baruti chini ya Bunge mwaka 1605, na yeye ni mzaliwa wa hapa York, 1570. Nimelala gesti ndogo nje ya ukuta, chumba kina hita nzuri, namshukuru Mungu kwa hita.

Jumapili tarehe 10, Durham

Treni ya asubuhi, dakika kama hamsini kwenda kaskazini. Kabla hujaingia stesheni treni inapita juu ya daraja refu la matao na ghafla upande wa kulia unaona kanisa kuu na ngome juu ya mwamba, mto Wear umeuzunguka ule mwamba karibu pande zote. Abiria wote kwenye behewa waligeuza shingo, hata wale ambao bila shaka wanapita hapo kila wiki.

Leo ni Jumapili ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, kila mtu ana ua jekundu kifuani. Nikaamua badala ya kutalii niingie ibadani. Kanisa lilianza kujengwa 1093 na sehemu kubwa ilikuwa imekamilika 1133, miaka arobaini tu. Nguzo zake ni nene ajabu, zimechongwa mistari ya zigizagi na almasi, kila jozi na pambo lake, ukiweka kiganja jiwe ni baridi kama limetoka kwenye friji. Saa tano kamili kimya cha dakika mbili. Maelfu ya watu, hakuna hata anayekohoa.

Mimi nilikuwa namkumbuka babu mzaa mama. Alikuwa Keya, askari Mwafrika wa jeshi la Mwingereza, walipelekwa Burma, akarudi na mguu mmoja unaochechemea na hakupenda kusimulia. Tukiwa wadogo tulimuuliza, babu uliua watu? Alikuwa anasema tu, huko kulikuwa na matope. Sijui kama kuna mtu mwingine kwenye lile kanisa leo aliyekuwa anamfikiria askari wa Keya, lakini mimi nilikuwepo kwa ajili yake na nimeweka mshumaa.

Baada ya ibada nikazunguka. Nyuma ya altare kuu kuna kaburi la Mtakatifu Cuthbert, bamba moja la jiwe lenye jina lake. Huyu alifariki 687 kwenye kisiwa cha Inner Farne akazikwa kisiwa cha Lindisfarne, na Waviking walipokuwa wanashambulia pwani, watawa mwaka 875 wakabeba jeneza lake wakaondoka nalo, wakazunguka nalo miaka, na hatimaye mwaka 995 jamaa wakafika nalo hapa Durham. Nilivyosoma hivo nikawaza Chuma na Susi palepale, wale watumishi wa Livingstone. Livingstone amefariki Chitambo Mei 1873, wakaukausha mwili wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, njia nzima kwa miguu, hakuna aliyewalazimisha. Mtu wa Tanzania anaielewa Durham bila kufafanuliwa, watu wamebeba maiti ya mtu wao kwa sababu hawakutaka abaki peke yake porini.

Upande wa magharibi amelala Bede, mtawa mwanahistoria. Na chini sakafuni, karibu na mlango, kuna mstari wa marumaru nyeusi, zamani mwanamke hakuruhusiwa kuuvuka. Nimeuvuka mara tatu, kwenda, kurudi, kwenda.

Kuingia Durham ni bure, unaweka sadaka. Nimeteremka mpaka mtoni kwenye njia ya miguu, daraja la Prebends, hapo ndo kanisa linaonekana vizuri likiwa juu na kivuli chake majini. Saa kumi na dakika tano hivi wakawasha taa za nje. Treni ya kurudi ilifutwa, ikabidi nisubiri saa zima na nusu jukwaani, nimefika kitandani saa sita usiku na kesho nina zamu ya asubuhi.

Jumamosi tarehe 16, Lincoln

Siku moja tu, treni inapitia Nottingham. Lincolnshire ni tambarare kama mbuga, ndo maana ukiwa bado mbali sana unaliona kanisa kuu limekaa juu ya kilima peke yake.

Kutoka stesheni unapita High Bridge, daraja la mwaka 1160 hivi lenye nyumba juu yake, chini mto Witham unapita, alafu kinaanza kilima chenyewe. Mtaa unaitwa Steep Hill na jina halijadanganya, kuna sehemu wameweka chuma cha kushikilia ukutani. Wazee wa pale wanapanda polepole na mifuko yao ya sokoni kama sisi wa Mwanza tunavyopanda Bugando, hawasimami, hawaharakishi. Njiani maduka ya vitabu vya zamani na chai, nikaingia moja kupasha vidole.

Kanisa la Lincoln lilianzwa 1072 na mfalme William mshindi bado yupo hai, likapigwa na tetemeko 1185, likajengwa upya, na mwaka 1311 walipoweka mnara wa mbao uliofunikwa madini ya risasi juu ya ule wa katikati, urefu ukafika mita 160 hivi, likaipita piramidi kuu ya Misri. Piramidi ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza zaidi ya miaka elfu tatu. Kilele kile kilianguka 1548 kwa dhoruba na hawakukirudisha. Ndani kila mtu anatafuta yule kishetani mdogo wa jiwe aliyekaa juu kwenye nguzo amekunja mguu, mimi nilimtafuta mpaka mhudumu mmoja mzee akaja na tochi akanimulikia.

Ila mimi Lincoln nilikuwa nimeifuata kwa ajili ya mtu mwingine. Nilipokuwa sekondari tulipelekwa Zanzibar, tukaingia kanisa la Mkunazini lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Aliyelijenga ni askofu Edward Steere na amezikwa humo humo, nyuma ya altare. Huyu Steere kabla ya kuja kwetu alikuwa mchungaji wa kijiji kinaitwa Little Steeping, hapa hapa Lincolnshire, na askofu aliyemtangulia, William Tozer, alikuwa kasisi wa Burgh le Marsh, pia kaunti hii. Walihamia Unguja mwaka 1864. Mwaka 1870 Steere akachapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili, akakusanya hadithi zetu, akatafsiri sehemu kubwa ya Biblia na wenzake Waswahili ambao majina yao mengi hayakuandikwa kwenye jalada. Hiyo ya mwisho inaniuma mpaka leo. Lakini kusimama kwenye kaunti iliyomtoa, upepo unapuliza kutoka bahari ya kaskazini, tambarare isiyoisha, nikajaribu kupata picha ya mchungaji wa kijiji hiki anatua Forodhani kwenye joto na harufu ya karafuu na anaanza kuuliza watu, hiki mnakiitaje?

Ngome ipo mkabala na kanisa, inayo nakala ya Magna Carta, hati ya kubana mamlaka ya mfalme, ya 1215, mojawapo ya nne zilizobaki, chumba chenyewe wamekitia giza ili wino usife. Ngozi iliyoandikwa ni ndogo kuliko nilivyodhani, maandishi yamebanana. Pia nikaenda kuona Newport Arch, lango la Warumi ambalo magari yanapita chini yake mpaka leo, gari dogo la kubeba mizigo limepita na mimi nimesimama pembeni.

Jioni ibada ya kwaya. Hii nawaambia wote mnaokaa huku, hata kama si Mkristo, ingia usikilize. Ni bure. Kanisa lote giza, taa zinawaka pale kwenye viti vya kwaya tu, watoto na watu wazima wanaimba zaburi, na sauti ikiisha midomoni inaendelea kupanda kwenye dari. Miezi ya kiangazi mwanga bado upo nje saa hiyo, giza hili ndo linaloifanya. Nimetoka pale moyo umelainika.

Jumamosi tarehe 23, nyumbani Leicester

Nilikuwa niende Bath, dhoruba imekuja. Upepo na mvua tangu usiku, treni zimevurugika nchi nzima. Nimebadilisha tiketi niende wiki ijayo.

Mchana mvua ilipopungua nikaona Leicester nayo ni mji wa zamani, kwa nini mimi nakimbilia ya mbali tu. Nikaenda kwenye kanisa kuu kuona kaburi la Richard III. Mfalme huyu aliuawa vitani Bosworth 1485, akazikwa hapa, kaburi likapotea, na 2012 wakamkuta chini ya maegesho ya magari ya ofisi za halmashauri, uti wa mgongo umepinda kama ilivyokuwa inasimuliwa. Wakamzika upya 2015. Jiwe la kaburi lina rangi ya maziwa, limekatwa msalaba wa kina.

Alafu nikaenda Belgrave kununua unga. Duka ninalonunua ni la mzee mmoja Mgujarati, kazaliwa Jinja. Nikiingia namwamkia shikamoo mzee, ananijibu marahaba binti, wateja wengine wanashangaa. Leo nilimsimulia safari zangu akaniuliza, "Lincoln umekwenda? Mimi iko hapa miaka hamsini na mbili, Lincoln sijaona." Alifika 1972 Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku tisini waondoke. Halmashauri ya Leicester wakati ule ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije hapa. Wakaja. Leo muhogo wa kukaanga Leicester unaitwa mogo na unauzwa kila kona. Mzee akanifungia pakiti ya mogo wa kugandisha, akakataa hela, akasema uende nao safari.

Jumamosi tarehe 30, Bath

Safari ndefu, Birmingham, Bristol, alafu dakika kumi na kitu mpaka Bath. Bristol nimempitia rafiki yangu wa Mombasa, tulisoma wote kozi ya kujiandaa na mtihani wa unesi, yeye kashika thermos ya chai ya tangawizi, mimi viazi karai nimekaanga alfajiri. Tumefika saa nne na nusu.

Bath yote ni jiwe la rangi moja, rangi ya asali iliyochanganywa na maziwa, limelowa kidogo na ukungu. Soko la Krismasi limeanza, vibanda vimejaa kuzunguka kanisa la Abbey, watu hawapitiki, sisi tukalipita haraka. Mbele ya Abbey angalia juu, malaika wa mawe wanapanda ngazi mpaka mbinguni, pande zote mbili za dirisha, na wengine wanashuka kichwa chini.

Mabafu ya Warumi tulikuwa tumekata tiketi mapema. Tiketi si ya bei ya chee lakini siijutii hata senti. Chemchemi inatoa maji ya nyuzi 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku, yanatoka ardhini yenyewe tangu kabla ya Warumi na hayajakoma. Kwenye baridi kama ya leo bwawa kubwa linafuka mvuke, mvuke unapanda kati ya nguzo unawafunika watu upande wa pili, wanatokea wanapotea. Sakafu ya bwawa imetandikwa mabamba ya risasi ya Warumi wenyewe na bado yanashika maji. Rafiki yangu kasema, "Dada, ingekuwa kwetu hapa tungekuwa ndani twaoga," ila kuyagusa ni marufuku, hayajatibiwa.

Kilichonishika zaidi ni vile vibati vya laana. Wamepata kama 130. Mtu akiibiwa alikuwa anaandika kwenye kibati chembamba cha risasi, anakikunja, anakitupa kwenye chemchemi kwa mungu wa kike Sulis Minerva amshughulikie mwizi. Mmoja anaitwa Docimedis, kaibiwa glavu zake mbili, anaomba aliyechukua apoteze akili na macho. Wengine wanaorodhesha, awe mwanamume au mwanamke, awe mtumwa au huru, wasije wakaacha mtu. Rafiki yangu aliposoma akanishika mkono akasema hii ni Albadiri! Na kweli ni vilevile, ile hasira ya mtu mdogo aliyeibiwa kitu chake na hana wa kumshtakia. Karibu miaka elfu mbili, na mimi na glavu zangu mkononi nikazihisi za Docimedis.

Mchana tukapanda Royal Crescent. Nyumba 30 zimeungana zimepinda kama mwezi mchanga, John Wood mdogo kazijenga 1767 mpaka 1774, mbele ni nguzo 114 zote sawasawa. Chini ni uwanja wa nyasi, tukala viazi karai kwenye benchi. Ni pazuri, na ni vizuri pia kujua kwamba baadhi ya fedha zilizoijenga Bath ya wakati huo zilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Karibi, jasho la watu wetu.

Sasa hapa nije kwenye jambo langu. Mwanza kuna kilima, wengi tunasema ni Isamilo, ambapo mpelelezi wa Kiingereza John Hanning Speke tarehe 3 Agosti 1858 alifika juu akaliona ziwa, akaliita Victoria. Kilima nacho akakipa jina, akaandika kwamba hakina jina la wenyeji. Akakiita Somerset. Somerset ni kwao, na ndo kaunti hii ya Bath. Wasukuma walikuwepo, Nyanza ilikuwepo, mimi nimezaliwa chini ya kilima hicho. Basi Septemba 1864 wanasayansi walikutana hapa Bath, na Speke na Richard Burton, aliyesafiri naye huku kwetu, walikuwa wapambane mbele ya watu kuhusu chanzo cha Nile, tarehe 16. Livingstone naye alikuwepo mjini. Tarehe 15 mchana Speke alitoka kuwinda kwenye shamba la ndugu zake si mbali na hapa, akipanda ukuta mdogo wa mawe bunduki yake ikafyatuka akafa. Mdahalo haukufanyika, wakatangaza kifo chake kwenye ukumbi uliojaa.

Jengo lenyewe, iliyokuwa hospitali ya maji ya madini, bado lipo katikati ya mji. Tulilikuta saa kumi, taa za mtaani zimewaka, watu wanapita na mifuko ya zawadi. Nikamsimulia rafiki yangu habari ya Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani mtoto akapelekwa India, akarudi, akawaongoza Speke na Burton, akamwongoza Stanley, akavuka bara na Cameron. Alikuwepo Mwanza siku ile ya kilima, na kilima hakikupewa jina lake. Tukasimama tukalitamka kwa sauti, Sidi Mubarak Bombay, mbele ya lile jengo. Nilitaka litamkwe pale.

Jumapili tarehe 1 Desemba, Bath

Asubuhi tumetembea magharibi ya mji, nusu saa na kidogo, mpaka Fairfield House. Haile Selassie alipokimbia uvamizi wa Italia mwaka 1936 alikuja kuishi hapa, kwenye nyumba hii ya kawaida tu yenye bustani, na mji ulikuwa unamwona akitembea barabarani na joho lake. Mei 1941 alirudi Addis Ababa. Nyumba akaja kuwapa watu wa Bath mwaka 1958 kwa ajili ya wazee. Tumeiona kwa nje, majani ya njano yametanda mpaka mlangoni. Rafiki yangu kasema alikuwa anasikia baridi yule mzee, bila shaka alisikia baridi.

Kurudi tukapita daraja la Pulteney, lina maduka pande zote mbili, chini maji yanashuka ngazi kama nusu mduara. Wingu likapasuka kidogo upande wa magharibi, jiwe lote la mji likawaka dakika kumi hivi, alafu jua likazama. Saa kumi na dakika nne, nimeangalia simu.

Nikampigia mama nikamwonesha kwa video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, mbona giza, ni saa ngapi huko?"

"Saa kumi mama. Jua limezama sasa hivi, unaona? Huku linazama mapema sana."

Akanyamaza kidogo, akageuza simu yake dirishani, upande wa ziwa. Mwanza nako giza, taa za mitumbwi ya dagaa zimeanza kuwaka.

"Saa moja na dakika nne," akasema. "Na hapa limezama robo saa na ushee iliyopita."